Upatanisho wa Kisarufi

Maimu Kasemets huamka kabla ya magari ya theluji
kuanza kukwangua barabara za Tartu.
Huweka ulimini kidonge cha moyo, cheupe,
kidogo kuliko punje ya mtama,
na kabla maji hayajashuka kooni hujiuliza:
kabla yangu, ni nani alikimeza?

Amekaa na swali hilo miaka tisa.
Limemzalia kurasa mia sita na tanbihi zisizokoma,
limemfukuza mume mmoja mpole, mpenda soseji,
limemwachia paka asiyejali falsafa.

Alhamisi huketi kwenye kamati.
Wajumbe saba, chai, mkate mweusi, fomu.
Fomu ina visanduku vitatu:
maumivu madogo, ya wastani, makali.
"Makali kwa kipimo cha nani?" huuliza,
na Daktari Urmas Pihlak, ambaye si mtu mbaya,
ambaye bintiye ana kisukari na yu hai kwa insulini,
dawa iliyoanzia kwa mbwa waliokatwa kongosho,
hutazama mto ulioganda nje ya dirisha,
kisha husema, "Maimu, tupige kura."

Naye hunyoosha mkono. Mara nyingine, ndiyo.
Hilo halimo kitabuni bado.

Chini kabisa, chini ya ardhi, yuko Heldur,
mlishaji wa panya, miaka ishirini na miwili.
Hupasha mikono kwenye bomba la joto kabla ya kuwashika.
Hakuna kanuni inayomtaka.
"Wanajua nini, Heldur?" Maimu alimwuliza, kalamu tayari.
Akafikiri. Akafuta miwani kwa pindo la shati.
"Wanajua ikiwa Jumapili.
Jumapili huja kijana mwenye mikono baridi."
Sura ya nne yote ni jibu hilo, limevikwa joho.

Mimi ni mfasiri tu. Napanga chumba juu ya duka la baiskeli,
nalipwa kwa ukurasa.
Nilikuwa nakwenda vizuri hadi wa mia mbili na tatu,
anaponukuu daftari la maabara:
*Kielelezo 4417 kimekufa saa tisa usiku.*
Kimekufa. Sawa. Ki kwa ki,
kama kiti kilivyovunjika, kikombe kilivyopasuka.
Kisha, mstari wa chini, yeye mwenyewe anaandika: panya.
Mkono wangu haukuningoja: *amekufa*.

Nikasimama hapo.
Maana lugha hii niliyoinyonya haina mlango mwingine.
Kifaru anakunywa. Kipepeo ametua.
Hata kiroboto, mwizi wa damu, ni yeye.
Walioisuka hawakuitisha kamati;
walimvika panya kiambishi kile kile cha hakimu,
cha mama yangu, cha Maimu.

Lakini nisijitape.
Mnyama amechinjwa. Nyama imeiva.
Herufi moja imedondoka
mahali fulani kati ya kisu na chungu,
na hakuna aliyeinama kuiokota.
Nami nimekula, nikasema ni tamu,
nikaomba pilipili.

Nilimpigia simu usiku nikamweleza yote.
Alinyamaza hadi nikamsikia paka akikoroma.
"Na mtu? Mtu akishakufa?"
Nikasema: maiti. Wengine husema *ameoshwa*,
wengine *imeoshwa*. Hatujaafikiana.
Akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi.
"Kumbe nanyi mna kamati."

Asubuhi nilikuta ujumbe wake.
Sura ya mwisho ameifuta, anaanza upya,
nisubiri, pengine hadi barafu iyeyuke mtoni.
Na chini, kwa haraka, kama mtu aliyeshika bilauri
kwa mkono mwingine:
*Kidonge nimekimeza. Hicho ni ki, sivyo?*

Nilikaa muda mrefu kabla ya kumjibu.